Vifaa vya mashua ya tanga: kipi kwanza, na kipi badala ya kipi

Kila kifaa ninachopeleka mashuani nakipima kwa saa moja tu: saa nane za usiku, mvua inapiga, betri imezima, mikono imelowa, na aliye macho ni mmoja. Kitakachofanya kazi saa hiyo kwa mkono mmoja kinapanda. Kinachotaka watu wawili, umeme na akili iliyotulia kinangoja zamu yake, hata kama ndicho kizuri kuliko vyote dukani.

Ulinganisho huu ni wa mashua ya mita 7 hadi 10, yenye watu wawili hadi wanne, inayotembea kando ya pwani mchana na mara mojamoja kulala baharini. Anayevuka bahari kuu atahitaji zaidi ya haya. Kila nchi ina orodha yake ya vifaa vya lazima. Hiyo itimize kwanza, kisha turudi kwenye hiari.

## Jaketi la kuokolea: la sponji au la gesi

Namba ya kutazama ni nguvu ya kuelea, inayoandikwa kwa newtoni. Viwango vya kimataifa vya ISO 12402 vina ngazi nne: 50, 100, 150 na 275. La 50 ni la kumsaidia anayejua kuogelea, mwenye fahamu zake, na msaada uko karibu. La 100 ni la maji matulivu. La 150 ndilo limekusudiwa kumgeuza mtu aliyezirai akatazama juu hata kwenye mawimbi, na la 275 ni kwa aliyevaa nguo nzito zinazoshika hewa au aliyebeba vyuma mwilini.

La sponji halina cha kufyatuka wala cha kuisha. Lirushe, likanyage, liloweshe, bado linaelea. Shida yake ni unene na joto. Mtu hulivua saa nne asubuhi ili apumue, na saa tano anateleza. La gesi ni jembamba kama mkanda wa begi, unalisahau mwilini, na ukianguka linajaa lenyewe. Lakini lina mtungi, na mtungi una mambo yake.

Nilifungua kifuniko cha langu siku moja kwa sababu tu mvua ilinifungia ndani na sikuwa na kazi nyingine. Nikaushika mtungi kwa vidole viwili, nikauzungusha. Ukazunguka. Mzunguko mmoja na nusu mzima ndipo ukakaza. Mtetemo wa mashua ulikuwa umeulegeza, na mtungi uliolegea hautobolewi na sindano. Msimu ule wote nilikuwa nimevaa fulana. Kiashiria cha kijani kilikuwa bado kijani, maana kwenye aina ile kinakuambia kwamba kifyatulio hakijatumika, hakikuambii mtungi umekaza. Tangu hapo, kila kabla ya safari nauzungusha kwa mkono. Mara moja kwa mwaka naupima kwenye mizani ya jikoni, nalinganisha na uzito uliogongwa kwenye chuma chake (wa 150 kwa kawaida hubeba gramu 33 za gesi), halafu nalijaza jaketi kwa mdomo na kuliacha usiku kucha. Likinywea asubuhi, halirudi mashuani.

Vifyatulio vya kujiendesha viko vya namna mbili. Cha kidonge kinayeyuka kikilowa; ni rahisi kupata vipuri, lakini wimbi zito la omoni (mbele ya mashua) au unyevu wa kabati unaweza kukifyatua bure. Cha mgandamizo wa maji kinangoja kizame sentimita kadhaa ndipo kifyatue, kwa hiyo mvua na marasharasha hakivijali, ila vipuri vyake ni ghali zaidi. Anayekaa kwenye usukani anaweza kuishi na kidonge. Anayekwenda omoni kubadilisha tanga namshauri cha mgandamizo.

Chaguo langu: gesi ya 150 kwa watu wazima, sponji kwa watoto na kwa kidau cha kupigia makasia. Na lolote utakalochukua, liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Bila huo jaketi hupanda juu ya kichwa na mtu hubaki chini yake.

## Ugwe wa kujifunga dhidi ya vifaa vya kumwokoa aliyeanguka

Mashua inayokwenda maili 5 za bahari kwa saa inasafiri kama mita 154 kwa dakika. Kichwa cha mtu kwenye mawimbi ni kidogo kuliko nazi, na dakika moja ya kubabaika yatosha kumpoteza machoni. Ndiyo maana kama fedha ni ya kitu kimoja, nanunua ugwe wa kujifunga kabla ya boya la kurushia.

Ugwe mrefu wa mita 2 unakupa uhuru wa kutembea, na pia unakuachia nafasi ya kuangukia majini ukaburutwa ubavuni, jambo ambalo linaweza kukuzamisha ukiwa umefungwa vizuri kabisa. Mfupi wa mita 1 unakubakisha sitahani lakini unakera. Wenye ncha tatu, ya mita 1 na ya mita 2 pamoja, ndio unaofaa: unafunga moja kabla ya kufungua nyingine. Kwenye sitaha laza tepe bapa ya kufungia ugwe, kutoka omoni hadi tezini (nyuma), badala ya waya wa mviringo, maana waya huviringika chini ya soli ukaondoka nao. Ipitishe katikati ya chombo kadiri inavyowezekana, mbali na ukingo.

Vya kuokolea: boya la umbo la kiatu cha farasi lenye taa, na kamba ya kurushia inayoelea. Vyote viwili si ghali. Kigumu ni kumtoa mtu majini. Mtu mzima aliyelowa hainuliwi na mtu mmoja aliyeinama ukingoni. Ngazi ya tezini inayofikiwa kutoka majini inamfaa mwenye nguvu bado. Kwa aliyelegea utahitaji henza (kamba ya kupandishia tanga) na winchi, na hilo lijaribiwe bandarini na mtu mzima wa kweli, si na ndoo.

## Nanga: hapa usibane matumizi

Nanga ni breki na ni kitanda. Injini ikizima karibu na mwamba, ndiyo pekee iliyobaki kati yako na mwamba huo. Ndiyo maana nashangaa ninapoona mashua yenye skrini tatu na nanga iliyokuja nayo kutoka kiwandani, ndogo kama pambo.

| Nanga | Inaposhika vizuri | Inapokuangusha |
|---|---|---|
| Baura, ya mikono miwili na mti wa kukingama | Miamba, majani mazito ya bahari | Mchanga laini na matope. Mkono unaobaki juu hunasa mnyororo |
| Bapa ya aina ya Danforth | Mchanga, matope. Nguvu nyingi kwa uzito mdogo | Upepo ukigeuka inaweza kung'oka isizame tena |
| Jembe lenye kiungo, CQR | Sehemu nyingi kwa kiasi | Hulala ubavu, huchelewa kuzama kwenye mchanga mgumu |
| Makucha ya aina ya Bruce | Huzama haraka, hugeuka na upepo | Nguvu ndogo kwa uzito wake. Hubeba jiwe ikashindwa kufunga |
| Kizazi kipya: Rocna, Spade | Mchanga, matope, mchanganyiko | Miamba mitupu, umbo halikai vizuri kila omo |

CQR iliyobuniwa mwaka 1933 na mwanafizikia Mwingereza Geoffrey Ingram Taylor ilikuwa hatua kubwa kwa wakati wake, na wazee wengi wa bahari bado wanaiapia. Sibishani nao. Lakini kwa anayenunua leo, kizazi kipya kinazama kwa umbali mfupi zaidi na kinazama tena upepo ukigeuka. Hilo la pili ndilo linalonunua usingizi. Danforth naiweka ya akiba: inalala bapa, inakaa kabatini, na kwa kuvuta upande mmoja tu haina mpinzani katika uzito wake.

Kisha cha kuifungia. Mnyororo mtupu hausagwi na mwamba, na uzito wake husaidia kuuweka mvuto chini chini, karibu na sakafu ya bahari. Lakini wa milimita 8 una uzito wa kama kilo 1.4 kwa mita. Mita 30 ni kilo 42 zilizokaa omoni, mahali ambapo mashua ndogo haitaki uzito. Kamba ya nailoni ni nyepesi na inanyumbuka upepo unaporusha mashua, ila mwamba unaikata kama kisu. Kwa mashua za ukubwa huu mchanganyiko ndio suluhu: mnyororo wa kutosha sehemu inayogusa chini, nailoni inayofuata.

Urefu haukisiwi. Chukua kina cha sasa, ongeza maji yatakavyojaa, ongeza urefu wa omo kutoka majini. Kina mita 4, maji yatapanda 2, omo ni mita 1: jumla 7. Mnyororo mtupu mara tano ni mita 35. Ukiwa na kamba, mara saba ni 49. Watu wengi hupiga hesabu ya kina peke yake, wakalala, maji yakajaa, wakaamka wako mahali pengine.

Na ukishatia nanga, rudi nyuma taratibu kwa injini au kwa tanga, kisha weka kiganja juu ya mnyororo nje ya omo. Ukikaza ukatulia, imeshika. Ukisikia mtetemo wa krr-krr unaopanda mkononi, ukikoma na kuanza tena, inalima. Usijiambie itashika baadaye. Nimewahi kujiambia hivyo.

## Maji yakiingia

Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Na maji nayo ndivyo yanavyofanya. Popote yanapoingilia yatakwenda kukutana kwenye ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya mashua, kwa hiyo pampu inakaa huko na chujio lake lifikike kwa mkono.

Pampu ya umeme yenye swichi ya boya inafanya kazi ukiwa umelala au uko nchi kavu. Ni nzuri kwa uvujaji wa pole, ila inaweza kukuficha ugonjwa: mashua inavuja wiki nzima, pampu inatoa, nawe hujui hadi betri iishe. Ifungie kihesabio au king'ora. Pampu ya mkono haitegemei chochote ila bega lako, na ile ya ngozi ya mpira hupitisha hata takataka ndogo bila kukwama. Iweke ifikiwe na aliyeshika kana (mkono wa usukani), na mkono wa pampu ufungwe kwa kamba, maana mkono wa pampu ukipotea pampu imepotea.

Lakini piga hesabu kabla ya kuweka imani. Tundu la sentimita 5, lililo sentimita 60 chini ya usawa wa maji, linaingiza zaidi ya lita 200 kwa dakika. Pampu ndogo za mashua, ukitoa urefu wa bomba na betri iliyochoka, hazifiki hapo. Kwa hiyo kinachookoa chombo ni kuziba. Kando ya kila valvu ya ubavuni funga kwa uzi kizibo cha mbao laini chenye umbo la koni, cha ukubwa wa tundu lile lile, na nyundo ijulikane iko wapi. Ni kifaa cha bei ya chini kuliko vyote katika makala haya.

Ndoo mbili imara zenye vishikio vya kamba, si za plastiki nyepesi zinazopasuka zikijaa. Ndoo inakumba maji, inazima moto, inaoshea, na ina kazi nyingine nitakayoitaja mwisho.

## Kuita msaada

Simu ya mkononi kila mtu anayo, ndiyo maana wengi huishia hapo. Lakini simu inamwita mtu mmoja. Redio ya upepo ya VHF, chaneli 16, inasikiwa na kila chombo kilicho karibu, na mara nyingi anayeweza kukufikia kwanza ni jirani usiyemjua jina wala namba.

Kati ya redio ya mkononi ya wati 5 au 6 na ya kufungwa ya wati 25, usidanganywe na wati. Mawimbi ya VHF yanasafiri karibu kama macho yanavyoona, kwa hiyo kinachopimwa ni urefu wa antena. Mtu mwenye redio ya mkononi sitahani na mwenzake kama yeye watasikilizana kwa maili 5 hivi za bahari. Mashua mbili zenye antena juu ya milingoti ya mita 12 zinafika kama 15. Redio ya kufungwa pia ina kitufe chekundu chini ya kifuniko: ukikishikilia kwa sekunde chache inatuma kupitia chaneli 70 namba ya utambulisho ya mashua yako, yenye tarakimu tisa, pamoja na mahali ulipo, mradi GPS imeunganishwa. Hata mtoto anaweza kufundishwa. Udhaifu wake: mlingoti ukianguka antena imekwenda, na betri ikizama redio imekwenda. Ndipo ile ya mkononi, inayoelea na isiyoingia maji, inapolipa. Ukiweza moja tu, na mashua ina umeme wa uhakika, chukua ya kufungwa. Kama haina, ya mkononi.

Mbali na pwani kuna EPIRB na PLB, vifaa vya kutuma ishara ya dharura. Zote mbili hutuma kwa megahezi 406 kwa mtandao wa setilaiti wa Cospas-Sarsat. EPIRB ni ya chombo, inaelea yenyewe wima, na betri yake hutuma kwa saa 48 au zaidi. PLB ni ya mtu, inakaa mfukoni au kwenye jaketi, saa 24 au zaidi. Kwa mashua ya watu wawili watatu karibu na pwani naiona PLB ina faida zaidi, kwa kuwa inakwenda na mtu anakokwenda, hata akianguka peke yake. Ukiinunua isajili siku hiyo hiyo. Ishara isiyo na jina inawapotezea waokoaji muda. Ukiuziwa ya zamani ya 121.5 peke yake, iache: setilaiti ziliacha kuisikiliza tangu Februari 1, 2009. Megahezi hizo sasa ni za waokoaji walio karibu kukufuata.

Fataki za dharura: roketi ya mwavuli hupanda mita 300 na kuwaka sekunde 40, ya kuonekana na walio mbali. Nyekundu ya mkononi huwaka dakika moja, ya kumwelekeza anayekuja. Moshi wa rangi ya chungwa ni wa mchana. Zote huisha muda baada ya miaka michache na zinaunguza mkono wa asiyezoea. Shikilia nje ya ubavu, upande usio na upepo. Taa ya LED ya dharura huwaka saa kadhaa na haichomi, lakini si kila mamlaka huikubali badala ya fataki.

## Chelezo cha kuokolea au kidau cha mpira?

Chelezo cha kujaza hewa kina paa, mifuko ya maji inayokizuia kupinduka, na kinajifungua kwa kuvuta kamba. Kinataka kukaguliwa na mafundi kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, na gharama ya ukaguzi haiishi. Kidau cha mpira cha kupandia pwani tayari unacho, lakini kikiwa hakina hewa ni mzigo, na kikiwa nayo upepo mkali hukipeperusha. Kwa anayeona pwani muda wote, kidau kilichojazwa nusu pamoja na PLB kinatosha. Anayelala baharini, chelezo.

Ila kumbuka mbio za Fastnet za mwaka 1979. Mashua 303 zilianza, dhoruba ikazikuta njiani, wanamaji 15 wakafa. Mashua 24 ziliachwa na watu wake, na 19 kati ya hizo zilikutwa baadaye bado zinaelea, ilhali baadhi ya vyelezo vilikuwa vimepinduka au kuchanika. Chelezo hupandwa mashua inapozama kweli, si inapotisha.

## Njia na taa, kwa ufupi

Skrini ya ramani iliyofungwa inasomeka juani na haijali maji. Tableti ni rahisi kutumia, ila juani inajizima kwa joto na vidole vilivyolowa inavikataa. Ramani ya karatasi haizimi. Nina tableti na karatasi, na kila saa natia alama ya penseli mahali nilipo. Dira ya kufungwa ni ya lazima, na usiweke simu, spika wala kisu kando yake. Sumaku na chuma vinaivuta.

Taa: nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe tezini. Taa moja ya rangi tatu juu ya mlingoti inaonekana mbali na inaruhusiwa kwa mashua ya tanga iliyo chini ya mita 20, lakini ukiwasha injini haifai, lazima uwe na za chini pia. Weka LED, ile ya waya ya wati 25 inamaliza betri kabla ya alfajiri.

## Starehe ambayo ni usalama

Nahodha aliyechoka hukosea hesabu ya maji kujaa. Kwa hiyo starehe nayo ina mpangilio, na namba moja ni kivuli. Turubai la juu ya usukani na kinga ya marasharasha mbele ya mlango vinafanya kazi kubwa kuliko jokofu lolote.

Namba mbili ni wa kushika kana badala yako. Kisukani cha umeme hufuata dira, ni kidogo, hufungwa kwa dakika, lakini kinakula betri na hakipendi maji. Cha upepo hakitaki umeme na kadiri upepo unavyozidi ndivyo kinavyopata nguvu; nacho hufuata upepo, upepo ukihama nawe umehama, na upepo hafifu wa tezini unakichanganya. Safari fupi, umeme. Safari ndefu, upepo.

Betri za risasi tumia nusu tu ya uwezo wake la sivyo hufa mapema. Za lithiamu ya fosfeti unatumia asilimia 80 na zaidi kwa nusu ya uzito, ila zinataka chaja yake na kidhibiti chake. Jiko la gesi linapika haraka, lakini gesi ni nzito kuliko hewa na ikivuja hushuka ngamani kungoja cheche, hivyo mtungi ukae kwenye sanduku lenye tundu la kutolea nje. La spiriti ni la polepole, na moto wake mchana karibu hauonekani. Mimi napika kwa spiriti, na sina haraka.

Choo sasa. Cha kupampu kina heshima yake, na pia kina matundu mawili ubavuni chini ya maji na mabomba ambayo, bila kitanzi cha kuzuia maji kuvutwa ndani kilicho juu ya usawa wa maji, yanaweza kuingiza bahari taratibu mtu amelala. Mbadala wake ni ile ndoo ya pili, maji kidogo ndani yake, na watu wengine kuangalia upande wa pili. Mashua yangu ina tundu mbili pungufu.